Kinyozi hajinyoi: Je, wewe mkubwa wa kazi wajijua?

UNAINGIA ofisini Jumatatu asubuhi. Ukiwa ngazini umesikia vicheko, lakini pindi unaposukuma mlango, kimya! Karani aliyekuwa akisimulia mambo ya harusi ya Jumamosi anainamia kompyuta yake. Tarishi anachukua bahasha na kutoka mbio, japo hakuna aliyemtuma.

Unasalimia, unaitikiwa kwa adabu, kisha unaingia chumbani mwako na kuufunga mlango. Moyoni wajiambia, "Hawa wananiheshimu."

Hebu ngoja kidogo, msomaji. Una hakika gani kwamba hiyo ni heshima? Huenda ikawa ni woga, na mambo haya mawili hayafanani hata kidogo. Anayekuheshimu atakuambia kwamba gari lina breki mbovu kabla hujaliwasha. Anayekuogopa atakufungulia lango na kukutakia safari njema.

Makala haya ni yako wewe uliye na watu chini yako. Usidhani ni ya wakurugenzi na mameneja peke yao. Kiranja wa bweni, mwenyekiti wa chama cha akina mama mtaani, fundi wa jua kali aliye na vijana wawili wa kumsaidia, na mama aliyeajiri yaya, nyote ni wakubwa wa kazi. Swali ni moja kwenu nyote: Je, wajijua?

Dirisha la Johari

Wahenga walisema kinyozi hajinyoi. Mkono wake ni hodari kwa vichwa vya wateja, lakini kisogo chake mwenyewe hakioni. Lazima akalie kiti cha kinyozi mwenzake.

Mwaka 1955 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Joseph Luft na Harry Ingham, walilieleza jambo hilo hilo kwa mchoro wa dirisha. Wakauita Johari. Mswahili akisikia jina hilo atadhani walikopa neno letu, lile la kito cha thamani. Sivyo. Waliunganisha tu majina yao, Joe na Harry. Hata hivyo jina limeangukia pema, kwa kuwa mtu akijijua kweli amepata johari.

Dirisha lao lina vioo vinne. Kioo cha kwanza ni mambo yako unayoyajua wewe na wenzako pia wanayajua. Kwa mfano, kwamba huchelewi kazini na kwamba hupendi kelele.

Kioo cha pili ni yale unayoyajua wewe peke yako na kuwaficha wengine. Pengine tangu upandishwe cheo huna usingizi. Pengine hesabu za bajeti zinakutatiza na unaona aibu kuuliza.

Kioo cha tatu ni yale ambayo wenzako wanayajua na wewe huyajui. Kwamba unawakatiza watu usemi. Kwamba ukikasirika unatoa kicheko cha dharau. Kwamba kila jambo jema unalisema "mimi" na kila jambo baya unalisema "ninyi".

Kioo cha nne ni yale ambayo hakuna ayajuaye, si wewe si wao, hadi siku ya taabu itakapoyafichua.

Hatari kubwa kwa mkubwa wa kazi imo katika kioo cha tatu. Hata ukijifungia chumbani na kutafakari usiku kucha, hutayaona yaliyomo, kwa sababu yamo machoni pa watu wengine. Dawa yake ni moja tu. Uambiwe.

Nani atakuambia?

Hapo ndipo penye tatizo. Kadiri unavyopanda cheo, ndivyo watu wa kukuambia ukweli wanavyopungua.

Jana mlikuwa mkila chapati na maharagwe pamoja kibandani, na mwenzako hakusita kukuambia kwamba shati lako halijapigwa pasi. Leo wewe ndiwe unayetia sahihi fomu za likizo. Wewe ndiwe utakayeulizwa nani apunguzwe mambo yakiwa mabaya. Nani atakubali kumwaga unga wake kwa sababu ya shati?

Wakati huo huo, sifa zinaongezeka. Askari wa langoni anakuita "mkubwa". Ukitoa mzaha, watu wanacheka hata usipochekesha. Ukiuliza mkutanoni kama kuna mwenye swali, kila mtu anatazama daftari lake. Nawe unatoka humo ukiamini kwamba mmeelewana. Hujui kwamba majadiliano yenyewe yanaanza dakika tano baadaye, katika kundi la WhatsApp ambalo wewe humo.

Yamkini unajiambia kwamba wewe si mtu wa kudanganyika hivyo. Tahadhari. Mwanasaikolojia Tasha Eurich aliandika katika jarida la Harvard Business Review mwaka 2018 kwamba watu wengi huamini kuwa wanajijua. Hata hivyo, kwa hesabu yake, ni asilimia 10 hadi 15 tu ya aliowachunguza waliotimiza vipimo vya mtu anayejijua.

Herufi E usoni

Kuna jaribio dogo ambalo familia yako inaweza kulifanya leo baada ya chakula cha mchana. Kwa kidole chako cha shahada, chora herufi E kubwa kwenye paji la uso wako. Fanya haraka bila kufikiri.

Sasa jiulize. Je, umeichora ili aliye mbele yako aweze kuisoma, au umeichora kama unavyoiona wewe kutoka ndani, ikawa kwake imegeuka kinyume?

Mwaka 2006 watafiti wa Marekani wakiongozwa na Adam Galinsky walitoa matokeo ya jaribio kama hilo. Kwanza waliwataka baadhi ya watu waandike kuhusu siku waliyokuwa na mamlaka juu ya mwingine. Wengine waliandika kuhusu siku ambayo mtu mwingine alikuwa na mamlaka juu yao. Kisha kila mmoja akachora E usoni. Wale waliokumbushwa mamlaka yao waliichora kinyume kwa wenzao karibu mara tatu zaidi ya wale wengine.

Usimhukumu mumeo au mkeo kwa herufi moja. Lakini chukua funzo hili: walikuwa watu wa kawaida waliokumbushwa tu kwamba waliwahi kuwa wakubwa. Sembuse wewe unayekumbushwa kila siku, kuanzia langoni hadi kitini?

Kimya kilichoua 583

Huenda ukasema haya ni mambo madogo ya ofisini, na kwamba hakuna aliyekufa kwa kukatizwa usemi. Basi sikiliza kisa hiki.

Jumapili ya Machi 27, 1977, ndege mbili kubwa aina ya Boeing 747 zilikuwa katika uwanja wa Los Rodeos, kisiwani Tenerife, Uhispania. Moja ilikuwa ya KLM ya Uholanzi, nyingine ya Pan Am ya Marekani. Hazikutarajiwa hapo. Zilielekezwa huko kwa sababu bomu lilikuwa limelipuka katika uwanja zilikokuwa zikienda. Zilikawia sana, na ukungu ukatanda.

Rubani mkuu wa KLM alikuwa miongoni mwa marubani wa ngazi ya juu kabisa katika shirika hilo. Alikuwa mkuu wa mafunzo ya ndege za aina hiyo, na picha yake ilitumika katika matangazo ya shirika. Siku hiyo alikuwa na haraka, kwani saa za kazi zinazoruhusiwa kwa marubani zilikuwa zikielekea kwisha.

Alianza kuongeza nguvu za injini kabla ya ruhusa. Rubani msaidizi akamkumbusha kwamba ruhusa bado, naye akasimama. Muda mfupi baadaye wakapewa maelekezo ya njia ya kufuata angani, ambayo hayakuwa ruhusa ya kupaa. Rubani mkuu akaondoa ndege. Mara hii rubani msaidizi hakumzuia.

Mhandisi wa ndege, aliyeketi nyuma yao, alikuwa amesikia redioni dalili kwamba ndege ya Pan Am ingali njiani. Akauliza kama kweli wenzao wameshaondoka barabarani. Rubani mkuu akamjibu kwa mkazo kwamba ndiyo. Mhandisi hakuuliza tena.

Sekunde chache baadaye ndege hizo ziligongana. Watu 583 walifariki. Wote 248 waliokuwa katika ndege ya KLM waliangamia, rubani mkuu akiwa mmoja wao.

Ndani ya chumba kile ukweli ulikuwapo. Ulikuwa umeketi nyuma, kwenye kiti cha mdogo. Rubani yule hakuwa mjinga wala mtu mbaya. Alikuwa stadi, na ustadi huo ndio uliofanya iwe vigumu kwa wenzake kumpinga mara ya pili.

Nasi Wakenya tuna msiba wetu wa kukumbuka. Usiku wa kuamkia Mei 5, 2007, ndege ya Kenya Airways iliyokuwa ikirejea Nairobi ilianguka punde baada ya kupaa kutoka Douala, Cameroon, na watu wote 114 wakafariki. Ripoti ya uchunguzi, iliyotolewa mwaka 2010, ilisema kwamba marubani walipotelewa na mwelekeo gizani. Miongoni mwa yaliyochangia, ilitaja ukosefu wa ushirikiano baina yao katika chumba cha marubani.

Baada ya Tenerife na ajali nyingine za aina hiyo, wataalamu wa usafiri wa ndege waliamua kwamba kujua kurusha ndege hakutoshi. Mwaka 1979 shirika la NASA la Marekani liliitisha kongamano juu ya jambo hilo. Kufikia mwaka 1981 shirika la ndege la United lilikuwa limeanza mafunzo rasmi. Wakubwa walifundishwa kuuliza na kusikiliza, na wadogo wakafundishwa kusema, tena kusema mara ya pili. Leo mafunzo hayo ni sehemu ya kazi ya urubani kote ulimwenguni.

Wodi yenye makosa mengi

Mtafiti mwingine, Amy Edmondson, alikwenda katika hospitali za Marekani kutazama makosa ya kuwapa wagonjwa dawa. Alitarajia kuona kwamba vikundi vya wauguzi vyenye uongozi mzuri hufanya makosa machache.

Matokeo, aliyoyachapisha mwaka 1996, yalimshangaza. Vikundi vizuri ndivyo vilivyokuwa na makosa mengi zaidi vitabuni! Alipochunguza zaidi, alipata maelezo. Katika vikundi hivyo wauguzi hawakuogopa kukiri, kwa hivyo makosa yaliandikwa na kurekebishwa. Katika vile vingine makosa yalifichwa, ili muuguzi asikaripiwe.

Kwa hivyo, msomaji, kama idara yako haijawahi kukuletea habari mbaya, usiringe. Jiulize habari hizo zimelala wapi.

Hata jikoni mwako

Sasa turudi nyumbani. Tuseme saa nne asubuhi mtoto wako ameteleza bafuni na kugonga kichwa. Yaya amemfuta machozi na kumlaza. Wewe uko kazini mjini. Je, atakupigia simu?

Jibu halitegemei tabia ya yaya peke yake. Linategemea yale uliyomwambia siku aliyovunja kikombe. Kama ulimfokea mbele ya wageni na kumkata mshahara, leo atanyamaza na kuomba uvimbe upungue kabla hujafika. Kama siku hiyo ulimwambia, "Pole, hujajikata? Afadhali umenieleza," simu itakuja. Huenda ikaja mapema vya kutosha mtoto afikishwe kwa daktari.

Nawe kiranja, hali ni hiyo hiyo. Kidato cha kwanza anayekuogopa hatakuambia kwamba kuna mtu anayenyanyaswa usiku bwenini, au kwamba waya wa taa unatoa cheche.

Ufanye nini?

Kwanza, uliza swali dogo lenye kujibika. "Mna maoni gani juu yangu?" ni mtego, na kila mtu atajibu kwamba uko sawa. Uliza hivi: "Wiki hii ni jambo gani moja nililofanya likakukwamisha kazi?" Uliza mtu mmoja mmoja, tena mkiwa na nafasi. Sanduku la maoni lililotanda utando wa buibui, na ufunguo wake uko mfukoni mwako, halisaidii.

Pili, ukiambiwa, nyamaza. Usijitetee. Usitoe historia ya miaka yako 20 kazini. Sema asante, uende ukalifikirie. Mtu wa kwanza kukuletea neno chungu anatazamwa na ofisi nzima. Akiadhibiwa, hata kwa kununiwa tu, hutaletewa jingine.

Tatu, katika mkutano, waache wadogo waseme kwanza na wewe uwe wa mwisho. Ukisha kutoa lako mwanzoni, watakaofuata wataitikia tu.

Nne, ukijichunguza, punguza kuuliza "kwa nini". Eurich aliona kwamba swali hilo huwavuta watu kwenye visingizio na kujilaumu. Uliza "nini". Badala ya "Kwa nini nilimkaripia yule karani?" jiulize, "Ni mambo gani hunipandisha hasira, na nitafanya nini yakija tena?" Pengine utagundua kwamba ukali wako wote huja siku ya mwisho wa mwezi, siku ya kodi na karo. Karani hana kosa.

Tano, kiri kosa lako kabla hujaambiwa. Meneja anayesema, "Ile hesabu niliikosea mimi," amewapa wengine ruhusa ya kusema yao.

Kusikiliza si kukubali kila neno. Mkubwa bado ataamua, atawaonya wazembe, na pengine atalazimika kumpiga mtu kalamu. Hata hapo, hapa kwetu sheria inakutaka usikilize. Kifungu cha 41 cha Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 kinamtaka mwajiri, kabla ya kumwachisha mtu kazi kwa utovu wa nidhamu au utendaji mbaya, amweleze sababu kwa lugha anayoielewa. Kisha asikilize utetezi wake, akiwa na mwenzake au mwakilishi wa chama cha wafanyakazi aliyemchagua.

Nawe uliye chini, usiuache mzigo wote kwa mkubwa. Mwendee faraghani, si mbele ya watu. Taja jambo uliloliona, si tabia yake. Mwambie unachohofia na unachopendekeza. Na kama jambo ni la uhai wa mtu, usiseme mara moja tu ukakaa. Mkumbuke mhandisi wa Tenerife.

Jipime

Chukua kalamu. Jibu ndiyo au la.

1. Je, katika mwezi uliopita kuna mfanyakazi aliyekuambia umekosea?

2. Je, uliwahi kubadilisha uamuzi kwa sababu ya neno la mtu wa chini?

3. Je, watu huendelea kuzungumza unapoingia chumbani?

4. Je, habari mbaya hukufikia kutoka kwa watu wako kabla hujazisikia nje?

5. Je, umewahi kuomba msamaha kazini mwaka huu?

6. Je, mtu wa chini kabisa mahali pako anaweza kukuambia "Ngoja kwanza", nawe ukangoja?

Umemaliza? Naam. Sasa ikate karatasi hiyo katikati na uyatupe majibu yako. Hayana thamani kubwa, kwani ni kinyozi aliyejinyoa.

Chukua maswali yenyewe umpe mtu anayefanya kazi chini yako. Umpe karani, kijana wa gereji, yaya, au mwanao wa darasa la sita. Mwambie ayajibu juu yako. Akicheka na kusema, "Ah, wewe huna neno," akaondoka upesi, hilo pia ni jibu. Anza na swali la kwanza hapo juu, na uwe na subira, kwani woga wa miaka mingi hautoki siku moja.

Tangu utotoni tumeambiwa kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ni kweli. Lakini mkuu asiyesikia la mdogo huvunja miguu ya wengi, na yake pia. Wazee walilijua hilo, ndiyo maana wakasema mkubwa ni jalala. Jalala halichagui linaloletewa. Kesho ni Jumatatu. Ukifika ofisini ukute vicheko vimekatika, usiende moja kwa moja chumbani mwako. Vuta kiti, uulize harusi ilikuwaje.